Elimu Jumuishi: Haki ya Mtoto Mwenye Ulemavu na Wajibu wa Familia ya Mungu Nyanda za Juu Kusini

Utangulizi

Kila mwaka ifikapo Januari, shule zetu hupokea wanafunzi wapya. Katika vijiji vya Kilolo na Mufindi, Rungwe na Mbarali, wazazi huonekana njiani wakiwasindikiza watoto wao, wakiwa na sare mpya na madaftari mkononi. Wapo, hata hivyo, watoto ambao kwao Januari hupita kama mwezi mwingine wowote. Umri wao wa kwenda shule umetimia, na majina yao yameandikwa katika kitabu cha Ubatizo cha parokia, lakini hayamo katika daftari la mahudhurio la shule yoyote. Miongoni mwao wamo watoto wenye ulemavu.

Sensa ya Watu na Makazi ya mwaka 2022 ilionesha kwamba takriban asilimia 11 ya Watanzania wenye umri wa miaka 7 na kuendelea wana aina fulani ya ulemavu. Kwa maneno mengine, katika kanisa lenye waamini 500 tungetarajia kuwaona watu wenye ulemavu wapatao 50. Kila mmoja wetu na atazame pembeni yake Dominika ijayo, ajiulize wako wapi.

Makala haya yanakusudia kuwaeleza waamini wa Jimbo Kuu la Mbeya, wa Jimbo la Iringa na wa majimbo jirani mambo manne: elimu jumuishi ni nini, imani yetu inatufundisha nini juu yake, sheria za nchi zinadai nini, na mzazi, Jumuiya Ndogo Ndogo ya Kikristo, parokia na shule ya Kanisa vinapaswa kufanya nini.

Maana ya elimu jumuishi

Elimu jumuishi ni mfumo wa elimu unaowawezesha watoto wote, wenye ulemavu na wasio na ulemavu, kusoma pamoja katika shule iliyo karibu na makazi yao, huku shule yenyewe ikijirekebisha ili kila mmoja ajifunze kweli. Kiini cha maana hiyo kimo katika neno kujirekebisha. Kamati ya Umoja wa Mataifa ya Haki za Watu Wenye Ulemavu, katika ufafanuzi ilioutoa mwaka 2016, ilitofautisha hali nne ambazo aghalabu huchanganywa.

Hali ya kwanza ni kunyimwa elimu kabisa: mtoto anabaki nyumbani. Ya pili ni kutengwa: mtoto anapata elimu, lakini mahali pa peke yake, mbali na wenzake. Ya tatu ni kuchanganywa: mtoto anapokewa katika shule ya kawaida, lakini anatakiwa kuizoea shule jinsi ilivyo. Ya nne ndiyo kujumuishwa: shule inabadili majengo, mbinu za kufundishia, vifaa na mtazamo wake ili mtoto huyo ashiriki sawa na wengine.

Tofauti kati ya hali ya tatu na ya nne si ndogo. Mtoto asiyeona anayeketi darasani mwaka mzima bila kufundishwa maandishi ya nukta nundu amechanganywa tu. Mtoto kiziwi anayenakili ubaoni maneno asiyoyaelewa, katika darasa ambalo hakuna hata mmoja ajuaye lugha ya alama, yuko mpweke zaidi kuliko alivyokuwa nyumbani. Majina yao yanahesabiwa katika takwimu za uandikishaji, lakini elimu hawajaipata.

Marekebisho mengi yanayohitajika hayana gharama kubwa. Mtoto mwenye uoni hafifu akae mbele na aandikiwe kwa herufi kubwa. Mtoto mwenye ualbino aruhusiwe kuvaa kofia na mikono mirefu, na asisimamishwe juani wakati wa gwaride. Mtoto mwenye usikivu hafifu akae mahali anapouona mdomo wa mwalimu, naye mwalimu asizungumze huku ameelekea ubaoni. Darasa la mtoto atumiaye kiti mwendo lisiwe juu ya ngazi, na mlango wa choo uwe mpana. Mtoto mwenye ulemavu wa akili au usonji apewe kazi hatua kwa hatua, kwa picha na kwa kurudiarudia. Mtoto mwenye kifafa atumie dawa zake bila kukatiza, na mwalimu ajue la kufanya kifafa kikimjia. Yapo mambo yanayohitaji fedha na utaalamu, kama vile mashine za nukta nundu, shime sikio na walimu waliosomea elimu maalumu, lakini ukosefu wa hayo usiwe kisingizio cha kuacha yale yaliyo ndani ya uwezo wetu.

Mwanga wa Maandiko Matakatifu

Kitabu cha Mwanzo (1:26-27) kinafundisha kwamba mwanadamu ameumbwa kwa sura na mfano wa Mungu. Hakikuweka sharti la macho kuona, la miguu kutembea wala la akili kuwa nyepesi. Musa alipojitetea kwamba ulimi wake ni mzito, Mungu alimkumbusha kuwa Yeye ndiye Muumba wa kinywa, wa anayesikia na asiyesikia, wa anayeona na asiyeona. Kisha akampa Haruni awe msemaji wake (Kut 4:10-16). Mungu hakumwondolea Musa wito kwa sababu ya ugumu wake wa kusema. Alimpa msaidizi, akamtuma.

Sheria ya Musa inakataza kumlaani kiziwi na kumwekea kipofu kikwazo njiani (Law 19:14). Katika Kitabu cha Pili cha Samweli (sura ya 9), Mfalme Daudi anamtafuta Mefiboshethi, mwana wa Yonathani, aliyelemaa miguu yote miwili tangu utoto kwa kuangushwa na mlezi wake. Daudi hakutosheka kumpelekea chakula Lodebari alikokuwa akiishi. Alimleta Yerusalemu, akala siku zote mezani pa mfalme. Huo ni mfano mzuri wa tofauti kati ya kumhurumia mtu kwa mbali na kumpa nafasi kati ya wengine.

Bwana wetu Yesu Kristo alikutana na swali ambalo bado linaulizwa vijijini mwetu. Wanafunzi walipomwona mtu aliyezaliwa kipofu, walitaka kujua nani aliyetenda dhambi, yeye au wazazi wake. Yesu alikataa dhana hiyo yote (Yn 9:1-3). Kwa hiyo, Mkristo anayesema kwamba mtoto mwenye ulemavu ni laana ya ukoo, matokeo ya uchawi au adhabu ya dhambi ya mama yake, anasema kinyume cha Injili.

Katika Injili ya Marko (7:31-37), Yesu alipomponya bubu-kiziwi alimtenga kando na makutano, akagusa masikio na ulimi wake, akatazama juu mbinguni. Alizungumza naye kwanza kwa ishara, yaani kwa njia ambayo mtu yule angeweza kuielewa. Hata leo, mhudumu wa Ubatizo huweza kurudia ishara hiyo kwa kugusa masikio na mdomo wa mtoto katika ibada ya Efata. Kule Yeriko watu walimkaripia kipofu Bartimayo anyamaze, lakini Yesu aliagiza aitwe, kisha akamwuliza anataka afanyiwe nini (Mk 10:46-52). Naye Mtume Paulo anatufundisha kwamba viungo vya mwili vinavyodhaniwa kuwa dhaifu ndivyo vilivyo vya lazima zaidi (1 Kor 12:22). Paulo hasemi kwamba mwili unavivumilia viungo hivyo. Anasema unavihitaji.

Mafundisho ya Kanisa

Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika Tamko juu ya Elimu ya Kikristo, Gravissimum educationis, la tarehe 28 Oktoba 1965, ulifundisha kwamba watu wote, wa kila kabila, hali na umri, wana haki isiyoondosheka ya kupata elimu, kwa sababu ya hadhi yao kama watu. Katika hati ya Gaudium et spes (namba 29), Mtaguso uliagiza kila aina ya ubaguzi katika haki za msingi za mtu ishindwe na kuondolewa, kwa kuwa ni kinyume cha mpango wa Mungu.

Katekisimu ya Kanisa Katoliki (namba 2276) inafundisha kwamba wale ambao maisha yao yamedhoofishwa wanastahili heshima ya pekee, na kwamba watu wenye ulemavu wasaidiwe kuishi maisha ya kawaida kadiri inavyowezekana. Mtakatifu Yohane Paulo II, katika Waraka Laborem exercens wa mwaka 1981 (namba 22), alisisitiza kwamba mtu mwenye ulemavu ni mhusika kamili mwenye haki zake, na kwamba jamii inayowapa nafasi za kazi wale tu wenye uwezo kamili inatenda ubaguzi mzito. Baba Mtakatifu Fransisko, katika Fratelli tutti ya mwaka 2020 (namba 98), aliwaita watu wenye ulemavu wanaosahauliwa kuwa ni wahamishwa waliofichika: wamo ndani ya jamii, lakini wanahesabiwa kama wageni.

Mkusanyo wa Sheria za Kanisa wa mwaka 1983 unatugusa sisi mapadre moja kwa moja. Kanuni ya 777 inamtaka paroko ahakikishe kwamba wenye ulemavu wa mwili au wa akili nao wanapewa katekesi kadiri hali yao inavyoruhusu. Kwa hiyo, mafundisho ya Komunyo ya Kwanza na Kipaimara kwa mtoto mwenye ulemavu wa akili ni haki yake, wala si fadhila ya katekista mwenye moyo mwema.

Waamini wengine huuliza kuhusu msimamo wa Kanisa juu ya Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu. Kiti Kitakatifu kilishiriki katika kuuandaa, lakini ulipopitishwa tarehe 13 Desemba 2006 kilieleza kwamba hakitautia saini. Sababu ilikuwa hasa maneno juu ya afya ya uzazi katika Ibara ya 25, ambayo yangeweza kutumiwa kutetea utoaji mimba, hata wa mtoto aliyegundulika kuwa na ulemavu. Pingamizi hilo halikuhusu haki ya elimu iliyomo katika Ibara ya 24. Tena, msimamo huo unatuongezea deni. Kanisa linalomtetea mtoto mwenye ulemavu asiuawe tumboni mwa mama yake haliwezi kukaa kimya anaponyimwa dawati akiwa na umri wa miaka saba.

Urithi wa Kanisa katika elimu ya watu wenye ulemavu

Kanisa lina historia ndefu katika jambo hili. Hermann wa Reichenau, mmonaki Mbenediktini aliyeishi Ujerumani kuanzia mwaka 1013 hadi 1054, hakuweza kutembea, na alisema kwa shida. Wazazi wake walimpeleka katika shule ya monasteri akiwa mtoto wa miaka saba. Akawa bingwa wa hisabati, nyota, muziki na historia, na kwa mapokeo ndiye anayetajwa kuwa mtunzi wa utenzi wa Salamu Malkia. Kila tunapohitimisha Rozari kwa sala hiyo, huenda tunatumia matunda ya elimu ya mtoto mwenye ulemavu ambaye wazazi wake hawakumficha.

Katika karne ya 16, Mbenediktini Pedro Ponce de León aliwafundisha watoto viziwi huko Hispania. Karibu mwaka 1760, padre Charles-Michel de l'Épée alianzisha jijini Paris shule ya bure kwa ajili ya viziwi, akifundisha kwa ishara. Louis Braille, mwamini Mkatoliki na mpiga kinanda wa kanisa, alipoteza uwezo wa kuona akiwa mtoto mdogo, na mwaka 1824, akiwa na umri wa miaka 15, akabuni maandishi ya nukta nundu yanayotumika hadi leo.

Hapa Tanzania, makanisa ndiyo yaliyotangulia. Shule ya wasioona ya Buigiri, mkoani Dodoma, ilianzishwa na Kanisa Anglikana mwaka 1950, na mwaka 1963 Kanisa Katoliki lilianzisha shule ya viziwi mjini Tabora. Hizo zilikuwa shule za pekee, na wakati ule zilikuwa mlango pekee wa elimu kwa watoto hao. Tunazishukuru. Lakini shule za pekee hazitoshi watoto wote, na mtoto wa Ludewa au Chunya hawezi kungoja nafasi Tabora.

Sheria za nchi zinasemaje?

Katiba ya Jamhuri ya Muungano wa Tanzania ya mwaka 1977, katika Ibara ya 11, inatambua haki ya kila mtu kujielimisha. Sheria ya Elimu ya mwaka 1978 inamtaka mzazi amwandikishe shule ya msingi mtoto aliyefikisha umri wa miaka 7, wala haimwondoi mtoto mwenye ulemavu katika wajibu huo. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inakataza kumtendea mtoto mwenye ulemavu kwa namna inayomdhalilisha. Tanzania iliridhia Mkataba wa Haki za Watu Wenye Ulemavu mwezi Novemba 2009.

Sheria iliyo muhimu zaidi ni Sheria ya Watu Wenye Ulemavu Na. 9 ya mwaka 2010. Kifungu cha 27 kinasema kwa maana hii: watu wenye ulemavu wa umri na jinsia zote wana haki sawa na raia wengine ya kupata elimu na mafunzo katika mazingira jumuishi, mtoto mwenye ulemavu ana haki sawa ya kupokewa katika shule ya serikali au ya binafsi, atasoma katika shule ya kawaida, isipokuwa pale anapohitaji mawasiliano ya pekee, na atapatiwa huduma za kumsaidia kujifunza. Wasomaji wazingatie maneno shule ya binafsi. Shule za parokia, za jimbo na za mashirika ya kitawa zimo ndani ya maneno hayo. Mkuu wa shule anayemkataa mtoto kwa sababu tu ana ulemavu anavunja sheria ya nchi, mbali na kuvunja amri ya upendo.

Serikali imetoa pia mikakati ya taifa ya elimu jumuishi, wa kwanza ukianza mwaka 2009. Ada imefutwa katika shule za msingi na sekondari za serikali. Baraza la Mitihani la Tanzania huandaa mitihani ya nukta nundu na ya maandishi makubwa, na huwaongezea muda watahiniwa wenye mahitaji maalumu: dakika 20 kwa kila saa katika Hisabati na dakika 10 kwa kila saa katika masomo mengine. Mzazi na mwalimu wayajue hayo mapema, ili mahitaji ya mtoto yaainishwe wakati wa usajili wa mtihani na si siku ya mtihani yenyewe.

Hali ya Nyanda za Juu Kusini

Zipo mbegu njema katika eneo letu. Katika mji wa Iringa, kituo cha Neema Crafts cha Dayosisi ya Ruaha ya Kanisa Anglikana kilianza mwaka 2003 kwa vijana viziwi watatu, na leo watu wenye ulemavu wanafanya humo kazi za mikono na kuhudumia wageni katika mgahawa wake. Jijini Mbeya, shirika la Child Support Tanzania linaendesha shule ambamo watoto wenye ulemavu na wasio na ulemavu husoma pamoja. Huko Wanging'ombe, Kituo cha Inuka cha Jimbo Katoliki la Njombe kinatoa huduma za utengamao kwa watoto wenye ulemavu. Baadhi ya shule za serikali zina vitengo vya wanafunzi wenye mahitaji maalumu. Tunavyo pia vyuo vikuu vya Kanisa, Chuo Kikuu cha Kikatoliki cha Ruaha mjini Iringa na Chuo Kikuu cha Kikatoliki cha Mbeya, ambavyo vinaandaa wasomi wa kesho katika eneo letu.

Vikwazo navyo ni vingi, na vingine vina sura ya mahali petu. Milima yetu ni mizuri kwa mtalii, lakini ni mateso kwa anayetumia kiti mwendo. Kuanzia Novemba hadi Aprili mvua hugeuza njia za vijijini kuwa matope, na mtoto anayebebwa mgongoni na mama yake akiwa na miaka saba, atabebwa na nani akifikisha kumi na miwili? Mashamba nayo hudai nguvu za familia nzima, hivyo mtoto mwenye ulemavu hufungiwa ndani mchana kutwa, au huachiwa ndugu yake ambaye naye hukosa shule kwa sababu hiyo.

Kikwazo kikubwa kuliko vyote ni mawazo yetu. Mtindio wa ubongo, kwa mfano, mara nyingi hutokana na mtoto kukosa hewa wakati wa kuzaliwa, manjano kali ya watoto wachanga, au uti wa mgongo na malaria kali utotoni. Ualbino hurithiwa kutoka kwa wazazi wote wawili, ambao wenyewe wanaweza wasiwe na dalili yoyote. Mahali pengi, badala ya familia kufika hospitalini, fedha na muda humalizikia kwa waganga wa kienyeji, baba humlaumu mama na ukoo wake, ndoa huvunjika, na mama hubaki peke yake na mtoto. Mchungaji wa roho hawezi kuzungumzia haki ya elimu bila kumtaja mama huyu.

Majibu kwa hoja zinazosikika mara nyingi

Ya kwanza: huyu hataweza kitu, kumsomesha ni kupoteza fedha. Hoja hii inapima thamani ya mtoto kwa faida atakayoleta, na kipimo hicho kikikubaliwa, kesho kitatumika kwa mgonjwa na kwa mzee. Isitoshe, si kweli. Wapo wenye ulemavu ambao ni walimu, wanasheria na wabunge katika nchi hii. Kwa mwingine, matunda ya shule yatakuwa kujua kuoga na kuvaa mwenyewe, kuhesabu fedha, kusalimia na kusali. Hayo nayo ni elimu, na kwa familia yake ni ukombozi.

Ya pili: atawachelewesha wengine. Mwalimu anayejifunza kueleza somo kwa picha, kwa vitendo na kwa lugha nyepesi anawafaidia wanafunzi wote, wakiwemo wale wanaoshindwa kimya kimya. Wanafunzi wenzake nao hujifunza uvumilivu na urafiki usiofundishwa na kitabu chochote.

Ya tatu, na hii ina uzito wake: je, si afadhali shule ya pekee? Jibu la haki ni kwamba inategemea hitaji la mtoto. Mtoto kiziwi huhitaji lugha ya alama na wenzake wa kuzungumza nao. Akiwekwa peke yake katika shule isiyo na mjuzi wa lugha hiyo, ujumuishi unabaki kuwa jina tu. Ndiyo maana sheria yenyewe imeacha nafasi kwa wanaohitaji mawasiliano ya pekee. Shule maalumu zilizo bora ziendelee, na walimu wake wawe hazina ya kuwafundisha walimu wa shule nyingine. Jambo lisilokubalika ni kuitumia shule maalumu kama njia ya kumwondoa mtoto machoni petu, na kumwacha huko hata wakati wa likizo.

Hatua kwa mzazi au mlezi

1. Mtoto akionekana kuchelewa kukaa, kutembea, kusikia, kuona au kusema, apelekwe mapema kliniki au hospitali. Miaka ya kwanza ya mazoezi ya viungo na lugha hairudi.

2. Apatiwe cheti cha kuzaliwa na aandikishwe shule ya karibu, darasa la awali, kama watoto wengine. Mzazi amweleze mwalimu mkuu waziwazi hali ya mtoto, uwezo wake na msaada anaouhitaji.

3. Aombe mtoto afanyiwe upimaji wa mahitaji ya kielimu kupitia afisa anayeshughulikia elimu maalumu katika halmashauri.

4. Mtoto akikataliwa, mzazi aombe sababu kwa maandishi, kisha amwone afisa elimu kata, afisa elimu wa halmashauri au afisa ustawi wa jamii. Sheria inatambua pia kamati za watu wenye ulemavu kuanzia ngazi ya kijiji na mtaa.

5. Anayejua kwamba mtoto amefichwa, anateswa au ananyimwa haki zake ana wajibu wa kisheria kutoa taarifa kwa serikali ya mtaa au kijiji. Simu ya bure ya kuwasaidia watoto ni 116.

Wajibu wa Jumuiya, parokia na shule zetu

Jumuiya Ndogo Ndogo ya Kikristo ndiyo inayojua kila nyumba. Viongozi wa Jumuiya wanaweza kufanya jambo moja jepesi kila mwezi Oktoba: kuorodhesha watoto wote wanaofikia umri wa shule, na kuilinganisha orodha hiyo na kitabu cha Ubatizo. Jina la mtoto lisipoonekana shuleni Januari, Jumuiya iitembelee familia, si kwa kuhukumu, bali kwa kuuliza ni nini kinachokwamisha. Huenda ni sare, usafiri, dawa za kifafa au woga wa kuchekwa. Kwa kupokezana, vijana wa Jumuiya wanaweza kumsukuma mwenzao hadi shuleni, na akina mama wanaweza kukaa na mtoto siku ambayo mama yake ana kazi shambani.

Parokia ianze na nyumba ya Mungu yenyewe. Njia ya mteremko mlangoni, nafasi ya kiti mwendo katika mabenchi ya mbele, mkalimani wa lugha ya alama pale walipo waamini viziwi, na katekista aliyeandaliwa. Mtoto mwenye ulemavu apewe nafasi ya kutumikia altare, kuimba au kusoma, kadiri ya karama yake. Mzazi akimwona mtoto wake anaheshimiwa kanisani, atapata ujasiri wa kumdai nafasi shuleni.

Kwa shule za Kanisa ninasema kwa unyenyekevu lakini bila kuficha. Shule nyingi zetu zinasifika kwa wastani wa juu wa mitihani, na usaili wa kuingia hulinda wastani huo. Usaili ukiwa chujio la kuwaondoa watoto wenye ulemavu kabla hawajapewa nafasi, sifa hiyo imenunuliwa kwa bei ambayo Kristo hakuiagiza. Alipotufundisha juu ya karamu, aliwataja maskini, vilema, viwete na vipofu kuwa ndio wa kualikwa (Lk 14:13). Kila shule ya Kanisa inaweza kuanza na mambo matatu: kumpeleka angalau mwalimu mmoja akasomee elimu maalumu, kutenga kila mwaka nafasi na punguzo la ada kwa watoto wenye ulemavu, na kurekebisha darasa moja na choo kimoja, kisha kuendelea mwaka hadi mwaka. Gharama zisiachiwe mzazi peke yake, kwani mtoto huyu ni wa Familia ya Mungu yote.

Hitimisho

Kanisa Barani Afrika lilijichagulia, katika Sinodi ya mwaka 1994, jina la Familia ya Mungu. Katika familia ya Kiafrika mtoto hahesabiwi kwa nguvu zake, na chakula hakigawiwi mpaka wote wameitwa. Basi tuwaite na wale walioachwa ndani. Januari haiko mbali, na shule zitafunguliwa tena. Kila Jumuiya ijiulize sasa ni jina gani la kitabu chake cha Ubatizo litakalokosekana katika daftari la mahudhurio, na nani atakayegonga mlango wa nyumba hiyo.

Mwenyezi Mungu awabariki watoto wote wenye ulemavu, wazazi wao na walimu wao. Bikira Maria, Kiti cha Hekima, atuombee.